Vitabu vya Baba Vimegawiwa Kama Mashati

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na kutoka hapa mtaani Mafiga milima ya Uluguru haionekani hata kidogo. Ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kinole. Viatu vimejaa tope, chai imepoa mezani, na nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Naileta hapa.

Alhamisi tulianua tanga la Baba.

Sisi ni Waluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba alikuwa na ukoo wake, wa dada zake na wapwa zake, na mimi nina wangu. Siku ya kuanua tanga, ukoo wa marehemu ndio unaogawa vitu vyake: kanzu, mashati, redio, fimbo. Watoto wake hawana sauti hapo. Hilo nimelijua tangu nikiwa mdogo na sikuwa na neno nalo. Kwa hiyo wakati wazee wa ukoo wa Baba wamejifungia sebuleni, mimi nilikuwa uani nasimamia masufuria ya wali, macho mekundu kwa moshi.

Nilipoingia na sinia nikakuta rafu ziko tupu.

Walikuwa wamegawana vitabu. Kila mmoja alikuwa na chake mapajani, wengine wameshavifunga kwenye kanga pamoja na mashati. Mpwa mmoja wa Baba, fundi pikipiki wa Msamvu, alikuwa ameshika kitabu cha ukunga. Kilikuwapo kitabu cha sheria za mirathi, juzuu tatu, na kila juzuu ilikuwa imekwenda kwa mtu wake. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba ni haki kila mtu apate.

Niliweka sinia chini nikatoka. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo kwa sababu nilijua nikibaki pale nitamtukana mtu mzima mbele ya wageni.

Niseme kidogo kuhusu hivyo vitabu, maana kaka yangu Idi amekuwa akinirudia sentensi moja tangu siku ile: "Zuhura, vitabu tu hivyo." Vitabu tu. Baba alikuwa mkufunzi wa chuo, amestaafu na mshahara wake mwingi uko kwenye zile rafu, au ulikuwa. Vingine alivinunua kwa walimu waliokuwa wanahama. Vingine alivipata kwa muuza madaftari mmoja wa Kihindi pale mjini, siku mzee yule alipofunga duka. Udongo, nyota, ujenzi wa madaraja, magonjwa ya migomba, historia ya watu wa pwani, uchumi, kitabu kinene kuhusu usingizi peke yake. Hadithi hakuwa nayo hata moja. Alisema za mtaani zinamtosha.

Na havikupangwa ovyo. Vitabu viwili vinavyobishana alivikalisha jirani, ili ukimaliza kimoja ukaamini, mkono uende wenyewe kwa cha pili. Kulikuwa na kimoja kinachosifu kilimo cha matuta, na ubavuni mwake kingine kinachoeleza kwa nini babu zetu huku milimani waliyakataa matuta ya mkoloni. Mwanafunzi akija kuazima kimoja, Baba humlazimisha abebe vyote viwili. Sasa cha kwanza kiko Kinole na cha pili kimepanda basi na binamu kwenda Tanga. Ukikigawa kitabu kama kile unabaki na nusu ya ugomvi.

Alitaka sebule iwe chumba cha kusomea watoto wa mtaa. Meza alishachongesha. Aliniambia mwenyewe, wakati anaumwa, nikiwa jikoni namkorogea uji: "Mwanangu, vile vitabu visitengane." Hilo ndilo neno nililopewa kulishika, na limenishinda kabla hata nguo za msiba hazijakauka kambani.

Basi leo nimepanda bodaboda hadi Kinole kwa Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa Baba, aliyeongoza ule ugawaji. Nilikwenda kugombana. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, ametandaza pilipili manga mkekani karibu na moto kwa sababu nje hakuna jua. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda kingine. Nikasema yote. Nilisema kwamba vitabu si mashati, kwamba wameharibu kazi ya maisha ya mtu, kwamba nusu ya waliopewa hawatavifungua. Sauti yangu ilipanda nikaisikia mwenyewe.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Shati la kaka yangu mbona hukuja kuliomba?"

Akaanza kuchambua pilipili, akaendelea.

"Shati alilivaa Ijumaa kwa Ijumaa. Vitabu alivishika kila siku ya Mungu. Sisi tulitaka kitu kilichoshikwa na mkono wake. Ulitaka tuchukue nini, mwanangu, ndoo?"

Nikamuuliza cha kwake kiko wapi. Akanyoosha kidole juu, kwenye dari ya jikoni, juu kabisa ya mafiga. Juzuu ya pili ya sheria za mirathi ilikuwa imefungwa kwa kamba katikati ya mahindi ya mbegu, mahali ambapo moshi unazuia wadudu. Mtu wa milimani haweki pale kitu asichokithamini, na hilo nalijua. Lakini jalada limeshaanza kuwa jeusi, na nilitamani kupanda juu ya kigoda niichukue kwa nguvu.

Nikamwambia kwamba Baba alitaka visitengane. Hapo ndipo alipoacha kuchambua pilipili.

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Mbele ya nani?"

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mimi na sufuria ya uji.

"Neno la mtu kwa ukoo wake husemwa mbele ya ukoo wake," akasema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na hasira, machozi yakimlengalenga. "Nilikaa naye hospitali. Nilimgeuza kitandani kwa mikono hii. Angenitamkia mimi, ningevibeba vyote kichwani nikavirudisha kimoja kimoja. Kanyamaza. Halafu leo mwizi ni mimi."

Nimeshuka mlima nikiwa na hasira maradufu, ila imebadilisha mwelekeo.

Baba alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Majirani walikuja kwake na kesi za mashamba, na kila mmoja alimwambia vilevile: ita ukoo, sema ukiwa hai. Amewaambia watu sebuleni pale pale, mgongo wake ukiwa kwenye rafu. Wanafunzi wake aliwacheka kwa kuogopa bundi. Ilipofika zamu yake akaona kutaja kifo ni kujichuria, akafunga mdomo. Kama si hivyo basi alimwogopa dada yake. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Shangazi amesema kabla ya Ramadhani ukoo wao wote utakuja kufagia makaburi. Mtoto wa marehemu anaweza kusikilizwa siku hiyo, akija na mjomba wake wa kumsemea. Hajaahidi kitu. Amenifungia pilipili manga kwenye gazeti, nami nimepokea kwa mikono miwili huku nimenuna.

Kesho asubuhi nitampigia Mjomba. Jambo la kwanza atakaloniuliza ni kama marehemu aliacha neno, na itabidi nimjibu kweli.

Aliacha, Mjomba. Alikuwa na dada watatu, wapwa nyumba nzima, na nguvu ya kuongea hadi wiki ya mwisho. Akaniita mimi, mtu ambaye neno langu kwao si neno, akaninong'oneza.

Baba, kwa nini ulininong'oneza?