Monseigneur Amekataa Kuwaka

Beni, ku Mulekera, dimanche kisha misa

Yaya Florentine mupendwa,

Kwa heshima zote zinazokupasa wewe mukubwa wetu, ninakutangazia rasmi, vile serikali inatangaza kifo cha waziri, kwamba gari ya marehemu Papa wetu, ile tunaita Monseigneur, wa mwaka 1979, rangi ya maziwa, mwenye milango minne na mitatu kati yake inafunguka, amekataa kuwaka.

Kisha tangazo hilo, ninakusalimia sana. Mutoto ananyonya vizuri? Bado ana uso wa bwana yako, ao amejirekebisha? Na mugongo wako? Usiinue majungu mbele ya wiki sita kwisha, hata kama mama-mukwe anakutazama. Sisi huku tuko wazima. Neno hilo ninaliandika polepole, juu jeudi, siku ya safari, nilifikiri sitaliandika tena.

Utajiuliza kwa nini sikupigii simu. Yaya, simu yako unaiweka haut-parleur, kila mutu asikie, na jikoni kwako mna masikio kuliko masufuria. Tena Mama yuko hapa kwangu na anasikia mpaka kupitia ukuta. Donc barua hii inakuja kesho na Mariette wa pharmacie, atakayesafiri na escorte, magari ya jeshi yanayosindikiza bus. Uisome peke yako, ukiwa umekaa.

Ndoa ya mudogo wetu Élysée imepita vizuri. Gaëlle alikuwa muzuri, amelia vile inafaa, si zaidi. Kasiksi yako, pombe ya ndizi, ilifika, jerikani nzima, na bajomba ba upande wa bibi harusi bameisifu mpaka bakalala. Watu bote bameuliza juu yako. Nimesema uko na mutoto wa wiki mbili, bakakusamehe.

Lakini sasa nikuelezee barabara.

Unajua ni mimi nilimutolea Monseigneur vis platinées, vyuma vya zamani vya kupigisha cheche, na kumuwekea allumage électronique, miaka tatu iliyopita, somo nikilichukua mu telefone, video na video. Unajua pia vile nilijisifu. Basi mu allumage ya namna ile kuna kaboîtier kadogo ka aluminium, banakaita module, kamefungwa pembeni ya moteur. Kazi yake ni kukata na kurudisha courant ili bougie zipige cheche. Module ikinyamaza, démarreur inaweza kuzunguka mpaka batterie ikufe, hakuna moto.

Jeudi tulitoka Butembo mimi na Mama, peke yetu, saa tano ya muchana. Mama nyuma na rozari, jerikani pembeni yake imefungwa mukaba kama mutu. Tulipita Maboya muzuri. Mbele ya kufika Kabasha, pale barabara inashuka na migomba inakaribia lami pande zote mbili, Monseigneur akakohoa mara moja, akanyamaza. Tukatelemuka bila sauti mpaka akasimama mwenyewe.

Nikafungua capot, kifuniko cha moteur. Démarreur ilizunguka na nguvu, donc batterie iko. Nikachomoa waya ya bougie, nikaisogeza karibu na chuma, nikamuomba Mama aguse ufunguo: hakuna cheche. Nikaweka lampe témoin, taa ya kupimia, ku bobine: courant inafika. Basi ikabaki module. Nikajisemea imepata joto mingi, ipumuzike nusu saa. Mama akauliza kama Papa alikuwa anaipumuzisha. Nikasema Papa alikuwa na vis platinées. Akasema ndiyo maana alikuwa anafika.

Yaya, mimi si mutu wa kuogopa porini, nikiwa wa miaka kumi na mbili nimelala Kasugho mu mashamba ya ndizi, usingizi wa masikio mawili. Mais sikiliza ile siku ilivyokuwa. Hakukuwa na pikipiki hata moja inayopita. Ndege walikuwa wanaimba mbali tu, si karibu. Kisha bamama ba shamba watano bakatoka mu migomba, majembe begani, vikapu vitupu, saa saba ya muchana. Unajua bamama ba pale: banakusalimia mpaka na mbuzi yako. Bale bakapita bila kusalimia. Wa mwisho peke yake akasema, bila kusimama, papa, munafanya nini hapa, na hakungojea jibu.

Mama aliacha rozari katikati ya Salamu Maria. Sijamuonaka akiacha katikati.

Kisha soda mumoja, askari wa jeshi, akatokea na miguu, mu uniforme, silaha kifuani. Niliona kwanza viatu, na nikaangalia viatu muda murefu, juu unajua bale wengine ba porini pia banavaa uniforme, mais viatu vinabasaliti. Vilikuwa vya jeshi. Alikuwa anaitwa Kabongo, mwana wa Kasaï, musomi, na Kiswahili yake ilikuwa nusu Lingala. Aliniita vieux, mimi wa miaka makumi tatu na nane, akauliza kama mutuka imeboya, ndiyo kusema gari imekataa. Nikamujibu imeboya kabisa. Akataka papiers za gari, akaziangalia juu chini. Mais kilichonimaliza ni hiki: wakati wote ule hakuangalia gari hata mara moja. Aliangalia migomba. Akasema yeye anarudia position saa tisa, na hapana ruhusa ya kuchelewa. Mimi na Mama, akasema, tutaona vile tutafanya. Ilikuwa saa nane na nusu.

Nikasema ninahitaji maji ya kupoza module. Ya kunywa ilikuwa imekwisha. Kasiksi, Mama aliikumbatia mbele hata sijaiangalia. Ikabaki kachupa kake ka maji ya baraka ka Pasaka, kale anakobebaka mu sakoshi. Akasema maji ya baraka si ya radiateur. Nikamujibu si radiateur, ni module. Akamuangalia Kabongo, akaangalia migomba, akanipa.

Nikalowesha mushwara, kitambaa changu cha jasho, nikaubandika ku module na kuushikilia na vidole vyote. Mama, ambaye maisha yake yote hajaendesha hata baiskeli, akageuza ufunguo. Monseigneur akawaka mara moja. Mama akalia jina la Papa. Kabongo akafanya alama ya musalaba, kisha akaomba na heshima kama mu kachupa mumebaki kidogo. Mama akamumiminia mu kofia. Mpaka barrière ya kuingilia Beni sikugusa frein kusimama hata mara moja.

Samedi, siku ya ndoa, mbele ya kanisa, na bibi harusi ndani yake, Monseigneur akakataa tena. Mama akatoa kachupa, mushwara, mukono wangu pale pale, akawaka. Chorale ikaimba. Sasa ndiyo shida yangu, Yaya. Bamama bane ba chorale bamejiandikisha kurudi Butembo mardi, kesho kutwa, mu Monseigneur. Mama amebaambia bataondoka asubuhi wakati banataka, hapana kungojea escorte, juu escorte yake iko mu chupa. Ninamusemea hatari, ananiangalia na huruma, vile unaangalia mutu asiyeamini. Na jana jioni bamesema tena ku radio kuhusu mashamba ya kule, ya migomba ile ile. Sitaandika bamesema nini.

Na mimi siwezi kumukataza na mudomo mukubwa, juu ya jambo moja ambalo hajui, na wewe utakuwa wa kwanza kulijua. Jeudi asubuhi, ku parcelle, nyumbani Butembo, Monseigneur alikuwa amezimika mara mbili mbele ya kutoka. Nilijua. Escorte iliondoka saa mbili, sisi tukabaki, mimi kichwa chini ya capot, na Mama akijua ninapima mafuta. Nilikuwa nimejisifu mbele ya Élysée na watu bake bote kwamba nitamuleta bibi harusi na gari ya Papa. Basi nilipowasha mara ya tatu, nikatoka ku barabara dakika tano, nikarudi, nikamuambia Mama kwamba basoda bamesema leo barabara iko muzuri, watu banapita peke yao. Yaya, hakuna soda aliyesema hivyo. Sikuuliza hata mumoja. Nilinunua unités za simu tu, nikarudi.

Nilimupeleka mama yetu mu ile migomba na uongo wa dakika tano. Kila mara anaposimulia maajabu yake ninaona bale bamama na vikapu vitupu.

Nimejaribu kumuambia mara tatu. Mara ya tatu alinikatiza ili anibariki.

Basi ninakuomba, wewe ambaye Mama anakusikia: umupigie kesho, umuambie yote, ao umuambie unachotaka, mais mardi saa mbili apande bus ya escorte pamoja na bamama bake bane. Ninakubali matusi yote kisha hapo, hata na haut-parleur.

Umusalimie bwana yako, umubusu mutoto ku kipaji, na majirani bote ba avenue usibaambie kitu. Wasingya, aksanti, kwa uvumilivu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na sisi atuache tufike.

Mudogo wako anayekuogopa,
Syauswa

N.B. Leo bote bakiwa ku misa, nilimuwasha Monseigneur mpaka akapata joto na kuzimika. Safari hii sikugusa kitu. Nilingoja saa nzima. Module ikawa baridi kama jiwe, na bado hakuna cheche. Kisha nikaigusa na kidole kimoja tu, cheche ikarudi. Donc haikuwa joto, na maji hayakufanya kitu. Ni mukono wangu ndio ulikuwa unaisukuma ikae. Unakumbuka Papa alipenda kufunguliaka wageni capot baone usafi. Basi kwa ajili ya bajomba ba Gaëlle nilipakaa rangi ya fedha mule ndani mote, mpaka chini ya boulon, bolti inayoshika masse ya module, pale courant inarudia ku chuma cha gari na rangi inaikatiza, na kisha sikuikaza vizuri. Boulon yenyewe ni ya dix. Nimeitoa, iko ndani ya enveloppe hii: bila hiyo, mardi Monseigneur hataenda popote.