Safari ya Praga Iliyokuwa ya Holo

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka kabla ya wote. Mazoea. Bariadi saa hizi ningekuwa nimeshawasha mkaa na kufagia mbele ya banda langu la cherehani. Hapa hakuna cha kufagia. Jiko ni la kioo, halina moto, naogopa kuligusa. Nimekaa dirishani na shuka mabegani, natazama mapaa ya Praga yakitokeza kwenye ukungu, mekundu, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wanaotoka zizini bila haraka.

Shija bado amelala. Mume wangu wa mwaka mmoja. Wote tulifiwa, tukaoana tukiwa na mvi. Yeye analima pamba kijijini Kasoli, mimi nashona mjini. Tumefika jana kwa binti yake Minza, ambaye ni muuguzi huku. Tiketi katoa yeye.

Sina hakika kama niko macho. Tramu inapita chini, inalia kidogo, kisha kimya.

Baridi. Minza amenipa koti la sufu, la kijivu. Zuri. Mikono yake inanifunika vidole.

Jumanne, 13 Mei

Koti ni la Holo, marehemu mke wa Shija. Minza kaniambia wakati wa chai, bila ubaya, huku akipaka siagi kwenye mkate. Alimnunulia mama yake. Safari nayo ilikuwa ya mama yake. Kule Kasoli Holo alikuwa na picha ya Mtoto Yesu wa Praga ukutani, akisali mbele yake kila jioni, na hamu yake ilikuwa kuja kuiona sanamu yenyewe. Akafariki kabla. Alhamisi tutakwenda kwenye kanisa hilo.

Shija alijua yote haya. Hakuniambia. Nimekasirika na sijasema.

Tumezunguka mjini na Minza. Nyumba za rangi ya keki. Mawe ya barabarani yameng'aa kwa kukanyagwa. Kuna saa kubwa mnarani. Ikifika wakati wake, kiunzi cha mifupa kinavuta kamba ya kengele na mitume wanapita madirishani. Shija alivua kofia. Amemwamkia kila mtu mwangaluka, kwa Kisukuma chetu, hata dereva wa tramu, na wazungu wanamwitikia kwa lugha yao. Nilicheka. Nikakumbuka kuwa nimekasirika.

Tangu harusi sijahamia Kasoli. Wakiniuliza nasema wateja. Uongo. Ile nyumba ni ya Holo mpaka vifuniko vya sufuria. Nikienda Jumamosi nalala kwenye kitanda chake kama mgeni, Jumatatu narudi Bariadi kwenye chumba changu cha kupanga.

Jumatano, 14 Mei

Lazima niandike.

Minza alikwenda kazini. Akatuandikia njia, akanipa simu yake ya zamani. Tukafika darajani wenyewe. Daraja la mawe, la zamani sana, lenye watakatifu pande zote mbili, weusi kwa umri. Chini mto mpana, bata maji weupe wanaelea kama wamelala. Kulikuwa na mtu anapiga fidla. Nilijisikia mwepesi. Nilitaka kumshika Shija mkono, kitu ambacho hatufanyi kwetu, na hapa hakuna anayetujua.

Akasema, "Holo, hebu nishikie kofia."

Nikaishika kofia. Nikaiweka juu ya ukuta wa daraja. Nikaondoka.

Sikugeuka. Nilitembea kati ya watu mpaka daraja likaisha, nikaingia uchochoro, na mwingine. Nilikuwa nalia na sikujali. Nilipotaka kurudi, vichochoro vyote vilifanana. Nikatokea mtoni, nikaona daraja, nikalikimbilia. Shija hayupo. Nikalitembea huku na huku. Mvua ikaanza. Ndipo nikaona kwamba daraja lile halina hata mtakatifu mmoja.

Mji huu una madaraja mengi. Sikulijua hilo.

Shija simu yake aliiacha kwenye chaji. Hajui jina la mtaa wa Minza. Minza hapokei, yuko na wagonjwa. Nikamfikiria Shija anazunguka na mwangaluka yake na hakuna wa kumwelewa. Nikafikiria amepanda tramu yoyote. Nikafikiria mto. Hasira yote iliniisha, ikabaki hofu tupu. Mara ya kwanza nilipofiwa na mume sikuwa na la kufanya. Hii nimeifanya mwenyewe.

Mama mmoja mwenye mwavuli aliniona. Nikamwonyesha kwa mikono: daraja, watu wa mawe. Akaelewa. Akanisindikiza mpaka mwanzo wa daraja lenyewe, akanigusa bega, akaenda zake.

Watalii walikuwa wamekimbia mvua. Daraja tupu. Na katikati, chini ya mtakatifu mwenye nyota kichwani, Shija amesimama palepale nilipomwacha, kofia mkononi, maji yanamchuruzika usoni.

"Kwa nini hukujikinga?" nikamuuliza.

"Ungerudi usinikute."

Nikamwambia, "Baba Minza, umeniita Holo."

"Najua. Nililisikia likitoka, na nikakuona ukienda."

"Hukunifuata."

"Nilikuwa na aibu. Halafu ukapotea kwenye watu." Akafuta uso. "Miaka thelathini nimeita jina moja, Kabula. Litanitoka tena. Sitakudanganya."

Nilitarajia aape. Hakuapa. Ajabu, nilipumua.

Basi nami nikasema langu. Kwamba sitaki kulala kwenye chumba cha Holo. Kwamba nimekuja Praga kwa tiketi yake na koti lake, na nimechoka kuvaa vya mwenzangu.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Akafikiri. "Ni kweli. Sikuuliza."

Hakunibembeleza. Mvua ikapungua, na jua la jioni, ambalo huku halitaki kuzama, likatoka chini ya mawingu na mto wote ukawa rangi ya shaba. Akanipa mkono. Tukavuka daraja tumeshikana, watu wazima, tumelowa.

Alhamisi, 15 Mei

Shija ana homa. Ni kosa langu na lake. Amesema twende kanisani bila yeye.

Sanamu ni ndogo. Nilidhani itakuwa kubwa. Iko ndani ya kioo, na taji, mpira wa dhahabu mkono mmoja, mkono mwingine unabariki. Amevaa nyeupe ya Pasaka. Shati la ndani lina lesi nyembamba kama mvuke. Juu kuna chumba chenye nguo zake zote, zimetumwa kutoka kila nchi. Niliegemeza paji la uso kwenye kioo, nikasahau nilikuja kufanya nini.

Nilipiga magoti na sala haikuja. Kilichokuja ni Holo. Sikuwahi kumwona. Nikamweleza kila kitu kimoyomoyo, taratibu, kuanzia pindo kwenda juu, kama ninavyomweleza mteja ambaye kitambaa chake hakijafika. Nilichukua muda mrefu. Nilipoinuka magoti yaliuma na moyo ulikuwa umetulia.

Minza alikuwa analia kwenye benchi. Nikakaa naye.

Ijumaa, 16 Mei

Homa imeshuka. Kala supu.

Minza kaja na mkasi, sindano na uzi wa kijivu. Akasema, "Punguza mikono, mama mdogo. Haikukai."

"Una hakika?"

"Mama alikuwa mrefu. Wewe si mrefu."

Nimeikata.

Jumamosi, 17 Mei

Kilima chenye miti ya matunda. Shija kajilaza kwenye nyasi, kofia usoni. Mji wote chini, minara kama sindano kwenye kimto cha fundi, kengele zinajibizana. Nilisinzia. Niliota ng'ombe wa kwetu wanavuka daraja la watakatifu, kwato zinagonga mawe, na hakuna aliyeshangaa. Nilipoamka Shija alikuwa macho, ananitazama. Akauliza, "Kasoli, ungetaka kulala chumba kipi?"

Nikamwambia cha mashariki. Ni stoo, akasema. Nikasema najua.

Jumapili, 1 Juni

Kasoli. Cherehani ililetwa jana kwa pikapu, na kitanda kipya. Shija na mdogo wake wamehamisha magunia, wamepaka chokaa. Harufu yake bado kali. Wifi kaleta maziwa, katazama chumba, kaguna, kaniuliza kama naweza kumshonea gauni la kipaimara cha binti yake. Nikasema alete kitambaa.

Pamba imepasuka. Kutoka dirishani shamba lote ni jeupe na umande bado haujakauka, kwa hiyo hakuna anayechuma. Shija yuko nje anasuuza kikombe. Ameniita. Kwa jina langu, leo.

Nitatoka baada ya kidogo. Hapa dirishani pana jua.