Papa Yangu Alikuwa Ndani ya Diski, na Televisheni Iliponiuliza Nilisema Ndiyo

Koko Mukabera mpendwa, bibi unayetushauri sote, naomba unishike mkono mbele ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ni misa ya mwaka mmoja tangu papa yetu Straton afariki, na baada ya misa watu wote watakuja kwa maman hapa Mururu, hata wakwe zetu wa Bukavu watavuka mpaka wa nchi asubuhi, na maman amekwisha kuwaambia wote kwamba watamwona papa akiongea kwenye televisheni, na papa hayumo tena, Koko, nimemfuta mimi.

Papa ndiye alikuwa msemaji wa ukoo siku walipokuja kumposa mdogo wangu Umutoni, wewe unaijua kazi ile, wageni wanaomba binti na msemaji wetu anawakatalia, anawachekesha, anawakatalia tena, mpaka mwisho ndipo anatoa ndiyo, na papa aliwakatalia masaa matatu, watu wakalia kwa kucheka, na video nzima ilikuwa kwenye diski moja ndogo ya kuchomeka, wala sauti yake haiko mahali pengine popote, maana Fabien aliyepiga video aliibiwa kompyuta zamani, na macho ya maman yamefifia, picha si kitu kwake, anataka sauti tu.

Jumapili nilichomeka diski kwenye televisheni mpya ya maman nijaribu, ikaandika kwa Kifaransa kwamba diski hii haiijui, je, iifomati, na mimi nilikuwa nimesikia kwa majirani kwamba video kubwa haichezi mpaka diski ifomatiwe, nikabonyeza ndiyo, ikauliza tena kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, na kwa dakika moja diski ikawa tupu kama sahani iliyooshwa, na maman akaita toka jikoni, "Umuhire, ameanza kuongea?" nikamjibu, "Bado, maman, anajitayarisha."

Kaka yangu Ladislas, yule wa saruji kule Bugarama, anasema niijaze diski nyimbo za kwaya na sinema mpaka ishibe, halafu tuseme joto limeiharibu, maman hatajua kitu. Wimbo mmoja nimekwisha kutia. Nilipofika wa pili, nikaacha. Nifanye nini?

Umuhire, Mururu

*

Umuhire mwanangu, toa mkono kwenye hiyo diski. Kabla ya neno lingine, ichomoe, ifunge kwenye kitenge, iweke juu ya kabati. Umeweka? Sasa tuongee.

Wewe ni mjinga, na mimi ninakupenda. Sijakaa darasani hata siku moja, barua yako nimesomewa mara mbili, na ile ya pili ni kwa sababu nilitaka kusikia tena habari za papa yako na masaa yake matatu. Ndiyo maana sitakuficha hasira. Papa yako aliombwa binti na wanaume waliovaa vizuri, wenye ng'ombe, wenye maneno ya asali, akawahangaisha mchana mzima ndipo akasema ndiyo. Televisheni, kitu cha juzi kisicho na ukoo, imekuomba papa yako mwenyewe mara mbili tu, na mara zote mbili umeipa! Damu ya Straton ilikuwa imekwenda wapi?

Basi, futa machozi. Sikia jambo lililonifunga mdomo mimi, na kila anayenijua hapa Nkungu atakuambia mdomo wangu haufungiki.

Barua yako niliipeleka Kamembe kwa Niyigena, yule binti anayetengeneza kompyuta. Nikamwambia, "Kuna muntu amefuta baba yake." Hakucheka. Akauliza, "Ametia vitu vingine juu yake?" Nikasema wimbo mmoja. Akasema, "Koko, basi pengine angali mule."

Nikamwambia asinidanganye eti kwa kuwa mimi ni mzee. Akanieleza pole pole. Kufomati kwa haraka namna ile ya televisheni hakuchomi vilivyomo. Ni kama kutupa daftari la majina ya wageni wakati wageni wenyewe wangali wamekaa sebuleni. Diski haijui tena nani amekaa wapi, inasema nyumba ni tupu, na kila kipya unachotia kinakwenda kukalia kiti cha mtu aliyenyamaza. Ukitia kwaya, kwaya inamkalia papa yako. Hapo ndipo anapotea kweli.

Mwanangu! Kitu kidogo kama kipande cha sabuni! Mimi nimezika mume, nimezika batoto babili, na sauti zao ninazitafuta ninapochagua maharage, sizipati. Na wako amekaa humo ndani kimya, anawakatalia wageni wake, hajui hata kwamba amefutwa. Watu wa siku hizi mmepewa nini na Mungu? Palikuwa na diski nyingine mezani, nikaiinua kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Niyigena akasema, "Koko, hiyo ni tupu." Nikamwuliza, "Unajuaje?"

Sasa fanya ninavyokuambia. Leo hii, kabla ya kushuka Kamembe, keti na maman yako umwambie yote, pamoja na lile la "anajitayarisha." Macho yake yamefifia, masikio hayajafifia, na tangu Jumapili amesikia sauti yako ilivyogeuka. Huyo Ladislas mwambie joto la Bugarama limeharibu kichwa chake kabla ya diski, na asinifanye nishuke huko.

Kesho mpelekee Niyigena diski. Usiichomeke popote njiani, hata kwa rafiki. Atamtafuta papa yako na atakachokipata atakitia kwenye diski nyingine, siyo hiyo. Hakuapa kwamba atampata, na mimi siapi. Akipatikana, awekwe mahali pawili, kwako na kwa Umutoni. Baada ya hapo tu ndipo hiyo ya zamani ifomatiwe, tena kwenye kompyuta, kwa namna wanayoita exFAT, kwa maana ile nyingine, FAT32, haimezi video moja inayopita giga nne, na papa yako alikuwa na maneno mengi. Nenda na jina na namba iliyoandikwa mgongoni mwa televisheni, Niyigena aangalie kama inaikubali exFAT. Isipoikubali, ataikata video vipande. Na mjaribu Ijumaa, siyo mbele ya wageni.

Asipopatikana, msiwashe televisheni. Wakwe zenu wa Bukavu ndio waliokataliwa masaa matatu. Waketisheni karibu na maman, mmoja mmoja asimulie alivyokataliwa. Yeye atasikia.

Lakini akipatikana, nitumie neno Nkungu. Nitakuja, nitakaa karibu na maman yako, na ole wako ukipeleka video mbele hata dakika moja. Ninataka kila hapana yake. Na siku televisheni ikikuuliza tena, uijibu kama mtoto wa Straton.

Koko Mukabera