Kikombe cha Maziwa juu ya Kichuguu

Mpendwa Mama Mukwe,

Jana nilipanda kilima mpaka kaburini kwako, kwenda na kurudi, bila fimbo. Nakupa kwanza habari hiyo ili usinisumbue huko uliko kwa kuuliza. Mguu upo. Bado ni mfupi kuliko mwenzake, na watu wakiniona kwa mbali wanadhani nacheza ngoma wasiyoisikia, lakini unafika kila ninapoutuma.

Nilikaa pale juu ya jiwe nikacheka peke yangu. Nilikuwa namkumbuka farasi.

Wewe ulikuwa wa kwanza kuniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu: mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe, katika milima ya Kivu, alienda kutafuta nini juu ya mgongo wa farasi? Wakati ule nilikuwa nachunga kwa yule mzee mwenye shamba kando ya barabara ya Mbarara, huku Uganda tulikokimbilia. Siku alipoleta farasi wake, alituuliza wachungaji ni nani anaweza kumpanda na kumpeleka majini. Wenzangu Wanyankole, wenyeji wa huku, wakatazama chini, watu wenye akili. Mimi nikasema kwetu tulipanda ndama tangu utoto. Haukuwa uongo. Sikuongeza tu kwamba hata ndama wale walikuwa wananiangusha.

Mwanzoni farasi alitembea vizuri, nikajiona chifu. Kisha akaongeza mwendo. Nikafanya anachofanya mchungaji yeyote wa kwetu akitaka mnyama atulie: nikapiga mluzi, ule mrefu wa taratibu tunaowapigia ng'ombe wakinywa maji, wajue kwamba hakuna haraka. Farasi akasikia jambo lingine kabisa. Kadiri nilivyopiga mluzi wa amani ndivyo alivyokimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo nilivyozidi kumtuliza. Tulipofika kwenye hodhi la kunyweshea ng'ombe, alisimama. Mimi niliendelea.

Hospitalini Mbarara walinilaza na mguu unaning'inia kwa kamba, kama mbuzi aliyechinjwa. Paja lilikuwa limevunjika vibaya. Daktari, kijana mpole, alisema mfupa utaunga, ila kutembea hakuniahidi. Binti yako alikuwa ametoka tu kujifungua, yuko Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, na mtoto mchanga, na hospitalini mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumwosha. Nikawa naangalia mlango nikijiuliza atatumwa nani. Ukaingia wewe, mbabula, lile jiko letu la makaa, kichwani.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaishi. Tangu nilipomwoa binti yako hatukuwahi kupeana mkono. Tukikutana njiani ulijifunika kitenge usoni ukapita pembeni, nami nikajifanya nahesabu miti. Hukula mbele yangu, na jina langu hukulitamka. Ndiyo heshima ya mukwe kwetu, ndiyo haya, na tuliishika hata tulipokimbia vita ya tisini na sita: kijiji kizima kimejaa njiani, nasi wawili tunakimbia kila mtu upande wake wa barabara.

Nilivuta shuka mpaka puani. Ukaitua mbabula, ukanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba Furaha," ulisema, ukiniita kwa jina la mtoto wetu, "haya yetu nimeiacha pale ku mulango. Tutaikamata siku ya kutoka. Sasa geuka nikuoshe."

Sikuweza kugeuka, nilikuwa nimefungwa. Ukaniosha hivyo hivyo huku ukiimba wimbo wa kanisani, nadhani ili Mungu aelewe kwamba hii ni kazi. Nesi mmoja akaniuliza kama wewe ni mama yangu. Nilipomwambia kwamba umemzaa mke wangu, alikwenda kuwaita wenzake waje waone, maana hata kwao Ankole jambo hilo halifanyiki. Wewe ukaendelea kusugua. Wadi nzima ilikupenda kuliko mimi. Uliwafundisha kina mama wa vitanda vya jirani kupika sombe, majani yetu ya muhogo, ukawaambia matoke, ndizi zao za kuponda, ni chakula ya bantu beko bila meno, na kesho yake nikakuona nyuma ya dirisha unayamaliza.

Kisha wakafungua kamba. Nilijaribu kusimama, mguu ukakunjika chini yangu kama wa mtu mwingine. Nikageukia ukuta. Nilikuambia urudi kwa binti yako mtafute mwanaume mwenye miguu miwili. Nilitegemea unibembeleze kidogo, nakiri.

"Batoto bangu baume babili balibaki kule ku vita," ulisema. "Huku sina mwingine. Siku yangu ikifika, ni weye utanibeba mbele, si bantu ba kanisa. Kwa hiyo utasimama."

Ukatoka kwenda kuwasha makaa, na nikasikia unamkemea mtu kwa moshi wake.

Siku tuliporuhusiwa nilitoka kwa magongo. Tulipovuka mlango ule, ukashusha kitenge usoni, ukasogea upande wako wa njia. Haya yetu ilikuwa bado inatungoja palepale. Nilitaka kukushukuru, na nilikuwa nimechelewa kwa hatua moja.

Nyumbani Misiera, kijiji chetu ndani ya Nakivale, ndipo ulipoanza ukatili wako. Kwa kuwa mama mukwe hampi mukwe chakula mkononi, uliweka kikombe changu cha maziwa kizingitini ukaondoka. Nikanywa. Baadaye nikakikuta nje, kwenye kigogo cha kukatia kuni. Kisha kwenye ua. Kisha mwisho wa shamba la maharage. Nilimtuma binti yako akuulize kama maziwa yameisha nyumbani. Alirudi anacheka, akaniletea jibu lako: "Mwambie maziwa iko. Miguu ndiyo haiko."

Nilikulaani, Mama. Nilikulaani kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, nikienda kwa magongo mawili, kisha moja. Majirani walinipa mbao za kukalia njiani, nikakaa kwenye zote.

Asubuhi moja kikombe kilikuwa juu ya kile kichuguu kikubwa, ng'ambo ya mashamba, na nzi wameshanitangulia. Nilikasirika sana. Hasira ikanibeba kupita maharage, kupita mihogo, nikapanda kichuguu, nikanywa yote. Nilipogeuka kutafuta gongo langu, nililiona mlangoni kwangu, limeegemea ukuta. Nilikuwa nimelisahau.

Hapo nikasikia vigelegele katika mihogo. Ulisimama katikati ya shamba, kitenge kimeanguka mabegani, unaruka kama msichana. Ukakumbuka mimi ni nani, ukajifunika, ukachuchumaa. Lakini majani yaliendelea kutikisika, maana ulikuwa bado unacheka.

Ulipotutoka mwaka jana, wanaume wa kanisa walikuja kwa wema kuniambia nipumzike, njia ni ya kupanda na mguu wangu wanaujua. Niliwaambia mahali pangu ni mbele, na kwamba mwenye jeneza ndiye aliyepanga. Wakaniachia. Tukakuinua.

Ulikuwa mzito. Nasema tu, kwa heshima. Mwenzangu wa upande wa pili akanong'ona kwamba jeneza linalala kwangu, kwa sababu ya huu ufupi wangu, tubadilishane. Nikakataa. Miaka yote ile, nje ya mlango wa hospitali, hukuwahi hata kunigusa kidole, na sasa kilima kizima ulikwenda umeegemea bega langu. Nilikipanda chote bila kusimama. Pale penye mawe, mguu ule ule ndio uliotangulia.

Nililia tulipokutua, kisha nikapiga mluzi, ule mrefu wa taratibu. Mchungaji wa kanisa alinishangaa. Wewe hukukimbia.

Pumzika, Mama. Haya yetu iache hapo mlangoni.

Mukwe wako uliyemsimamisha,
Baba Furaha