Moto wa Mabua

Issenye, 14 Agosti 2024

Mwanangu Nyangi,

Hujambo? Wajukuu wangu wanaendeleaje huko Turwa? Mimi ni mzima wa mwili tu. Naandika kwa sababu simu yangu imeungua shambani. Jumatatu moto ulitoka kwenye mabua ya shamba letu, upepo ukaubeba mpaka kwa jirani yetu Waisiko. Nyumba yake imeisha. Ng'ombe sita wamefia zizini, naye ameungua mikono akiwafungulia. Jana polisi wamemchukua baba yako. Alisema, "Ni mimi," akapanda gari bila viatu.

Mama yako

Turwa, 17 Agosti 2024

Shikamoo mama,

Sisi wazima. Barua niliisoma palepale mlangoni. Nimemuuliza Nchagwa, karani wa mahakama tunayeishi naye jirani. Anasema moto wa uzembe ni kosa, mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili, au faini. Lakini wakiamini alichoma makusudi, kifungo kinaweza kufika cha maisha. Na mama, wote wanajua baba aligombana na Waisiko mwezi wa sita juu ya mpaka wa shamba!

Kuna jambo silielewi. Jumatatu mchana baba alinipigia akiwa Mugumu mjini, ananunua dawa ya ng'ombe. Aliwashaje moto Issenye?

Mwanao Nyangi

Issenye, 20 Agosti 2024

Nyangi mwanangu,

Salamu. Afya usiniulize. Niliwasha mimi. Mwanzoni upepo ulikuwa umetulia. Sikulima njia ya kuzuia moto, sikumwambia jirani hata mmoja, nikaingia jikoni kugeuza mboga. Kutoka nje, moto ulishavuka mpaka.

Baba yako aliporudi alinikuta nimekaa chini. Akasema, "Wewe una presha, gerezani hutatoka hai. Nyamaza." Nikanyamaza. Kifungo cha maisha? Hilo hatukulijua, mwanangu. Hatukulijua kabisa!

Mama yako

Turwa, 22 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Nimesoma mara tatu, bado siamini. Wiki nzima nilimkasirikia baba bure. Usiende polisi peke yako. Jumamosi nafika, twende wote.

Mwanao Nyangi

Gerezani, 9 Oktoba 2024

Mwanangu Nyangi,

Natumaini mmeamka salama. Dawa za presha napewa. Nisamehe sikukusubiri ile Jumamosi, nikaenda polisi peke yangu. Ningekuona ningerudi ndani.

Jana nilikiri kosa mahakamani. Hakimu amenipa miezi minne. Alisema moto hauulizi kama ulikusudia. Waisiko alikuwepo, mikono yote imefungwa bendeji. Baba yako alikuwa benchi la nyuma, mtu huru sasa.

Nilipokuwa natolewa, Waisiko alinifuata mpaka mlangoni. Akaniambia, "Mama Nyangi, nilikuwa nimeshaandikisha maelezo kwamba nilimwona mumeo na kiberiti mkononi. Na nilikuwa naamini nilimwona."

Mama yako