Neno Nililolimeza Mahakamani

Baba,

Nakuandikia nikiwa jikoni, chai imepoa. Wasichana wangu wawili wako shule. Leo nimewasindikiza mpaka getini, jambo nililoacha zamani, nao wameniona kituko.

Tangu tukuzike, Mama amehamia Bungoma kabisa. Mimi bado niko mtaa wa Huruma, orofa ya nne, na kazi yangu ni ile yako: mkalimani wa mahakama. Najua ungecheka. Mimi niliyekununia ulipofutwa kazi kwa kukataa kupunguza maneno ya mshtakiwa, tukatolewa nyumba ya serikali, na marafiki zako wa kanisani wakaanza kupitia njia nyingine. Nilikuambia unapenda msimamo wako kuliko watoto wako. Nilikuambia ukiwa mgonjwa, Baba. Nisamehe.

"Ukisimama pale, mdomo si wako," ulikuwa ukisema huku ukitafuna mahindi ya kuchoma. Kwako hata kikohozi cha shahidi kilistahili kutafsiriwa.

Jana nilimeza neno. Mzee mmoja muuza makaa alisema kwa Kibukusu chetu, "Nilikubali kosa waliponipiga." Nikamwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba alikubali kosa. Basi. Mzee hajui Kiingereza, hakuelewa. Alipopita karibu yangu alinishukuru.

Kabla ya kesi, askari aliyemkamata alikuwa amenisimamisha kwenye korido. "Madam, tusisumbuane leo. Wale wasichana wako huvukia pale kwa stage ya matatu, si ndio?" Alitabasamu kama jirani. Sijawahi kumwambia nina watoto.

Leo mchana hakimu anatoa hukumu. Naogopa, Baba. Ule utulivu wako siuoni kwangu. Au nawe ulikuwa ukiogopa ukatuficha? Hilo ndilo ningependa kukuuliza, na hupo.

Nikifutwa, wasichana watanilaumu kama nilivyokulaumu. Hilo nitalivumilia, mradi wawe salama.

Kwaheri, Baba. Nakuahidi kwamba kabla hakimu hajaanza kusoma nitasimama, niseme nilikosea, nilirudishe neno la mzee mahali pake, hata sauti ikikatika. Nimemwomba Mama Khadija wa orofa ya chini awachukue wasichana shuleni, wasipite pale stage, akae nao. Ameniuliza mpaka saa ngapi, nikampa ufunguo wa nyumba.

Binti yako,
Nafula