Mama Hayupo Kando ya Baba

Wajima, Noto,
12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Kiyoharu,

Hujambo huko São Paulo? Mgongo unaendeleaje, na wanao ni wazima? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua tangu nihamie nyumba hizi za muda. Usihangaike kunitumia kahawa, ile ya mwanzo bado ipo.

Jana nilipanda hekaluni, mara ya kwanza tangu tetemeko la mwaka mpya. Ukumbi mkuu umelala chini, paa limekaa juu ya nyasi kama kofia iliyodondoka. Kaburi la Baba halikupata hata ufa.

Rafu ya magudulia yenye mifupa ya marehemu waliochomwa na bado wanangoja kuzikwa ndiyo iliyoanguka. Yamevunjika sita, la Mama likiwemo, na mifupa imechanganyika. Mtawa Ryokai aliniruhusu nitafute. Unaujua ule mfupa wa koo tunaouweka juu kabisa, unaofanana na mtu aliyeketi akisali? Nilidhani nitamtambua mama yangu popote. Nikaikuta minne, yote sawasawa.

Katika hao sita yumo Bi Toshie, yule jirani ambaye Mama hakumsalimu miaka kumi na minane kwa sababu ya ugomvi wa mfereji. Mwanawe Isao alikuwepo, akanitania, "Dada, sasa watapatana tu, watake wasitake." Nikacheka, kisha nikalia mpaka akajuta kusema.

Mtawa atawazika wote kaburi moja, upande wa chini. Nimekubali. Ningefanyaje? Nikimpelekea Baba mfupa, huenda nikampelekea Bi Toshie.

Sasa nisikilize, Kiyo. Mama aliomba jambo moja tu, alazwe kando ya Baba. Tukasema tutakungoja uje. Lakini mwaka juzi uliponipigia simu ukasema, "Dada, mzike tu, mimi siwezi kuja," nilikujibu kwamba mtawa kakataa kumzika bila wewe. Nilikudanganya. Mtawa ndiye aliyekuwa akinihimiza. Nilizoea kwenda kila Alhamisi na chai yangu, nakaa mbele ya gudulia, namsimulia Mama habari za mtaa. Nyumba ilikuwa kimya mno, sikuwa tayari kumwachia Baba. Na wewe umekuwa ukijilaumu, nami nikakuacha ujilaumu. Nisamehe.

Nisalimie mkeo Marli na watoto. Shangazi Sumie anauliza habari zako kila siku. Buddha awatunze nyote.

Mazishi ni tarehe tisa Juni. Nitapeleka vikombe sita vya chai, maana sijui Mama ni yupi.

Dada yako, akupendaye hata alipokukosea,
Fumiyo